Mwalimu wa Ukutani

Jumatatu, 6 Machi 2017

Projekta imefika Vitongoji. Nimeipokea mimi, kwa mikono miwili, mbele ya mwenzangu Ruweida. Alikuwa anasahihisha madaftari na hakuinua hata kichwa. Husuda.

Chuo kimetuleta wawili katika skuli hii, tujifunze kufundisha watoto wadogo kwa vyombo vya kidijitali. Alhamisi mkufunzi wetu, Bi Ghania, atakuja kututazama. Atakayemridhisha zaidi atafundisha somo la mfano katika skuli ya Madungu, mbele ya walimu wa Pemba nzima. Atakayeanguka, kaanguka. Mwaka jana nilianguka mimi. Ami Moosa kasema nikianguka tena nirudi Jadida nikapime vitambaa dukani kwake. Fimbo ya kupimia ameshaniwekea kando. Mimi na fimbo ile hatukuumbiwa pamoja.

Ruweida anapanga kuwarekodi watoto kwa simu wakisoma, kisha wajisikilize wenyewe. Basi. Simu! Nimemwambia kwa upole kwamba simu kila mtu anayo. Akasema ndiyo sababu.

Jumanne, 7 Machi

Jaribio la projekta. Mwalimu Mkuu, Mzee Shaame, aliniruhusu baada ya saa za masomo. Darasa la Tatu halina madirisha ya vioo. Lina matofali ya matundu, na jua lote la kisiwa linapitia humo. Picha haikuonekana hata kivuli. Nikaazima majamvi ya kuanikia karafuu kwa Bi Mgeni, mwenye nyumba ninayokaa, nikayatundika ukutani. Giza safi. Darasa linanuka kama ghala.

Kisha nikaunganisha spika kubwa ya harusi na kusema haloo, haloo, moja, mbili. Punde uwanja ukajaa watu wanauliza mkutano ni wa chama gani. Nikasema si wa chama, ni wa sayansi. Nusu hawakuniamini wakaondoka. Nusu hawakuniamini wakakaa. Mzee mmoja alitaka kujua hiyo Sayansi inamsimamisha nani. Mzee Shaame akaja mbio, kanzu kaishika mkononi, akawaeleza kwamba huyu ni mwanafunzi wa ualimu tu.

Lile "tu" halikuwa na lazima. Lakini ukweli ni ukweli: hakuna mwalimu aliyewahi kuujaza uwanja wa skuli hii. Ruweida hajawahi.

Jumatano, 8 Machi

Wazo limenijia nikinywa chai. Mbele ya Bi Ghania ulimi wangu huwa mzito. Mwaka jana uliganda kabisa. Basi kwa nini nisimame mbele? Nitajirekodi nikifundisha. Watoto wanitazame ukutani, nami nikae nyuma na Bi Ghania, mguu juu ya mguu, kama mgeni rasmi. Mwalimu wa ukutani hatetemeki. Hasahau. Hapotezi chaki.

Nimerekodi uani kwa Bi Mgeni, na kofia mpya kichwani. Somo: Viumbe wa Baharini. Kila baada ya swali niliacha nafasi watoto wajibu, kisha nikasema, "Vizuri sana. Kaa chini." Mara ya kwanza aliingia jogoo. Mara ya pili Bi Mgeni alianza kumpiga pweza kwenye jiwe, nikamwomba apumzike kidogo. Akanikumbusha ua ni wa nani. Mara ya tatu, safi kabisa.

Ruweida aliomba kuitazama, isije ikawa nimeteleza mahali. Nimekataa. Ni wazi anataka kuniibia. Akauliza kama nimepitia kitabu cha mwalimu. Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa kisiwa, bahari siisomi kitabuni. Sijui kuogelea, lakini hilo hakuliuliza.

Alhamisi, 9 Machi

Siku yenyewe.

Ruweida alitangulia. Watoto wakasoma, wakajisikiliza, wakacheka, wakaomba kurudia, wakasoma vizuri zaidi. Bi Ghania aliandika sana. Nikamhurumia Ruweida. Hakuwa na hata giza.

Kisha mimi. Mwalimu wa ukutani akatokea, mkubwa, kofia inagusa dari. Watoto wakasimama wakamtolea salamu. Hakuitikia. Hilo sikuwa nimelifikiria. Wakarudia kwa sauti zaidi. Ikabidi niitikie mimi kutoka nyuma. Darasa zima likageuka kunitazama, kisha likageuka kumtazama yeye. Likamchagua yeye.

Mtoto mmoja akauomba ukuta ruhusa ya kwenda chooni. Ukuta ukasema vizuri sana, kaa chini. Akakaa, maskini, na ikabidi nimtoe mwenyewe kwa kunong'ona. Mwengine aliulizwa papa anaishi wapi. Akasema mjini Wete. Vizuri sana, kaa chini. Bi Ghania akaweka kalamu. Nikaanza kuhisi uzito wa fimbo ya Ami Moosa mkononi.

Ndipo ukuta ukafika kwa pweza. Ukasema pweza ana mifupa midogo midogo, laini, kama ya dagaa.

Kisha akasimama Mwanakhamis, mjukuu wa Bi Mgeni. Tangu nije sijawahi kuisikia sauti yake darasani.

"Muongo," akauambia ukuta. "Pweza hana nfupa."

"Vizuri sana," ukuta ukasema. "Kaa chini."

"Sikai."

Hapo likalipuka. Watoto wakauuliza ukuta umewahi kumshika pweza au unamsikia tu. Mmoja akasema pweza hupenya kwenye kitundu kidogo cha mwamba, sasa mwenye mifupa angepenyaje? Mwengine, mpole, akasema labda huyu ni pweza wa bara. Mwanakhamis akatoka mbio. Kwao ni ng'ambo ya uwanja tu. Akarudi na bibi yake, na bibi yake kabeba beseni, na ndani ya beseni pweza wa asubuhi.

Wakamzunguka. Wakamfinya, wakamkunja, wakautafuta mfupa mkono mmoja baada ya mwengine. Wakapata mdomo wake tu, mgumu kama wa kasuku, wakaanza kubishana kama mdomo nao ni mfupa. Bi Ghania akapandisha mikono ya baibui na kutafuta pamoja nao. Ukuta ulikuwa umeshafika kwa kasa, hakuna aliyeusikiliza. Ruweida akachomoa waya bila kuniuliza na kuyateremsha majamvi ili watoto waone vizuri. Bi Mgeni alinitazama mimi, akamtazama pweza, akanitazama tena. Nilisimama pale nyuma, nikiona mbele yangu robota baada ya robota la vitambaa.

Watoto walipotoka kunawa, Bi Ghania alinijia. Harufu ya bahari ilimtangulia.

"Lile kosa la mifupa," akasema, "uliliweka makusudi?"

Nikalitazama beseni. Nikamtazama Mzee Shaame, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Makusudi kabisa," nikasema.

Akashusha pumzi. Akasema amezunguka skuli nyingi mwaka huu, na kila penye projekta amekuta watoto wamekaa kama magunia, wanaamini chochote kinachong'aa. Leo, kwa mara ya kwanza, ameona watoto wa Darasa la Tatu wakiibishia picha na kwenda kutafuta ushahidi. Akasema hicho ndicho alichokuwa akijaribu kutufundisha chuoni. Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia mawazo yake mwenyewe yakisomwa na mwengine.

Ruweida alikuwa anakunja majamvi. Alikohoa. Karafuu, bila shaka.

Ijumaa, 10 Machi

Nimefaulu. Tena wa kwanza. Madungu ni yangu. Ruweida ni wa pili, atafuatana nami kama msaidizi, na nimemwahidi kumwelekeza.

Mzee Shaame alitangaza mbele ya skuli nzima, na safari hii hakutumia lile neno "tu." Baada ya sala ya Ijumaa watu walinipa mikono hadi nikachelewa chakula. Yule mzee wa juzi akauliza kama sasa ninagombea. Nikamwambia bado natafakari.

Nimempigia simu Ami Moosa. Akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyepoteza msaidizi wa dukani.

Bi Mgeni hakunipongeza. Aliniuliza nimewezaje kula pweza wake kila jioni nisijue kwamba hana mfupa. Nikamwambia mimi hula huku nikifikiri. Akasema anaona.

Mwanakhamis leo kanyosha mkono kutwa. Kwenye hesabu, kwenye Kiswahili, hata Mzee Shaame alipoingia kuuliza nani kaacha bomba wazi. Mwalimu wake wa darasa anashangaa, mtoto kapatwa na nini. Nikamwambia ni mbinu yangu.

Jumatatu, 13 Machi

Nimerekodi somo la Madungu. Jua, Mwezi na Nyota. Jogoo nilimfungia bandani, na Bi Mgeni alikuwa pwani.

Nimepiga hesabu zangu vizuri. Ikiwa kosa moja limenipa ushindi Vitongoji, makosa mawili yatanipa Pemba nzima. Basi nimesema jua linachomoza magharibi. Nimesema nyota zinakaa chini ya mawingu, na ndiyo maana mvua ikinyesha hulowa. Hilo la pili nililitunga papo hapo. Kipaji ni kipaji.

Ruweida aliniuliza kama mara hii nitapitia kitabu cha mwalimu. Nikamweleza kwamba bingwa wa makosa hahitaji kitabu. Kitabu ni cha wanaoogopa kukosea. Kisha, kwa kuwa sasa mimi ni mshindi na mshindi hana choyo, nikamwonyesha video yote.

Aliitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni. Akasema la jua watoto watalikamata mara moja, na la nyota vile vile. Lakini akasema mimi ni hodari kweli, kwa sababu lililomshinda nguvu ni lile la tatu: pale niliposema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba mwezi unawaka kwa moto wake wenyewe kama jua, na kwamba unapopungua ni mafuta yanakwisha.

Sikuweka kosa la tatu. La mwezi nimelisema kama lilivyo.

Nimemshukuru hata hivyo. Mtu akikusifu, si adabu kumkatiza.