Taji la Majani ya Mwaloni na Baba Niliyebandikwa

Kwa Mheshimiwa Jemadari, kambini kwetu, ng'ambo hii ya mto.

Heshima kama zote zikufikie. Mimi ni Vibius Tappo, askari wako mwenye mvi nyingi na meno machache. Nasikia unataka kumvika kijana Lartius taji la majani ya mwaloni kwa kuokoa uhai wangu, na kwamba kinachosubiriwa ni mimi kukiri mbele ya jeshi. Sikiri ng'o! Sababu zangu ni hizi:

1. Sikuokolewa. Ni kweli nilikuwa matopeni, Mgali mzima, adui wa ng'ambo ya pili, kanikalia kifuani, upanga juu. Lakini huo ulikuwa mpango wangu: nilimshikilia pale asikimbie. Lartius akaja akamchoma mkuki bila hata hodi, akaniharibia kazi.

2. Desturi yetu inataka aliyeokolewa amheshimu mwokozi wake kama baba mzazi mpaka kaburini. Baba gani huyu? Hata ndevu hazijamwota! Taji lenyewe hajavaa, tayari wahuni wa hemani wananiuliza, "Tappo, umemwamkia baba leo?" Jana Lartius mwenyewe akanisogezea bakuli la uji wa ngano: "Kula, mwanangu, ukue." Hema zima likaangua kicheko. Mheshimiwa, nililia kwa hasira.

3. Akivaa taji, yeye, baba yake na babu yake wanasamehewa kazi za umma. Na mwana je? Mwana anaambulia kutoa shikamoo tu. Uonevu mtupu! Kama ushujaa lazima ulipwe, mpe mkufu, mpe bangili, mpe hata farasi. Lakini asipewe mimi.

4. Hayo yakishindikana, naomba nirudishwe kwa Wagali, nikakaliwe upya, na safari hii nitafutiwe mwokozi wa rika langu. Ikiwezekana awe bubu.

Wasalimie maakida wote, mpishi wako, na mganga aliyenishona ubavu.

Ni mimi mtiifu wako, yatima kwa hiari,
Vibius Tappo

Nyongeza: Tarumbeta limelia sasa hivi, Wagali wanavuka mto. Nakuta nimepangwa mwisho wa kulia, na Lartius mwisho wa kushoto. Mheshimiwa, malezi gani haya, kumtenga mtoto na mzazi wake? Nitakiri chochote utakacho, tena kwa sauti. Niweke tu karibu na baba.