Mkaguzi Asiye na Barua ya Ajira

Ofisi ya Utambuzi wa Watendakazi, Makambako, iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hakuna chochote kitakachofanya kazi ndani ya mwili wa mwananchi bila barua ya ajira.

Ombi la kwanza kukumbana na tangazo hilo lilikuwa la Tabea. Msichana huyu, mhitimu wa baiolojia, alitaka kibali tu cha kuwafundisha akina mama wa Mjimwema, Njombe, habari za protini iitwayo MTH1. Darasa lilikuwa Jumamosi. Wanawake arobaini walishaahidi kuja.

“Binti, inafanya nini hasa?” aliuliza mkuu wa ofisi, Mzee Shedrack.

“Ni mkaguzi, mzee. Oksijeni huharibu vipande vya kujengea vinasaba. Yenyewe huvitoa vibovu kabla havijaingizwa, saratani isipate mlango.”

Kalamu zote zilisimama.

“Mkaguzi? Na katumwa na nani?”

“Hajatumwa, mzee. Anafanya tu, usiku na mchana.”

“Bila posho?”

“Bila posho.”

Mzee Shedrack alimtazama katibu wake, Idda. Mkaguzi huyo lazima ana lake jambo, aliwaza.

“Asimamishwe kupisha uchunguzi. Na wewe binti, huwezi kufundisha habari za mtumishi aliyesimamishwa.”

Machozi yalimlengalenga Tabea. Alijilaumu kwamba hakueleza vizuri.

Idda alileta fomu ya kila mwananchi kujaza: Ninaisimamisha MTH1 yangu. “Kwa utaratibu, mzee, mkuu hutangulia.”

Mzee alishika kalamu, akasita. “Ikisimama, vibovu vinakwenda wapi?”

“Vinaingizwa humohumo kwenye vinasaba, mzee,” alijibu Tabea.

“Hata kwangu?”

“Saratani haiangalii cheo.”

Mzee alikohoa. “Yangu iendelee. Kwa maslahi ya taifa.”

“Basi umeiajiri, na wewe ndiye mwajiri wa kwanza kusajiliwa,” alisema Idda, akifungua mwongozo. “Hongera. Umesaini mwenyewe hapa: kabla ya Jumatatu, mwajiri awe na cheti cha mafunzo ya kazi ya mtumishi wake.”

“Mafunzo yanatolewa wapi?”

“Mjimwema, Jumamosi,” alisema Tabea kwa nia njema kabisa. “Ila sina kibali, mzee.”

Kibali kilitoka chai ikiwa bado ya moto.

Jumamosi mkuu alibanwa benchi la mbele kati ya akina mama, wakichambua viazi vya mbegu ili kujifunza kazi ya MTH1 kwa vitendo.

“We baba, hiki kimeoza! Mbona umekipitisha?” alifoka Mama Hilda.

“Ni kikubwa,” alijitetea. “Nilidhani kina mtu wake.”

Darasa zima liliangua kicheko. Tabea hakucheka. Alimhurumia, akachukua cheti chake, akaandika kwa mwandiko mzuri: Arudie.