Moyo wa Kwapani

Siku maabara ilipofungulia wageni milango, Profesa aliingia kufuata kiyoyozi. Uprofesa alijipa mwenyewe, pamoja na miwani. Mtafiti, binti mwenye koti jeupe, akawaonyesha kichupa bapa: ndani yake kipande cha msuli wa moyo, kilichooteshwa kwa seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote, kinadunda chenyewe.

"Humu tunajaribia dawa kabla hazijamgusa mgonjwa," alieleza. "Kinataka joto la mwili tu. Kikipoa, kinazimika."

Wageni waliona maajabu. Profesa aliona gari.

Gari lenyewe, jekundu, lilikuwa la Mama Saruji, tajiri wa vifaa vya ujenzi, ambaye mji mzima ulijua anavyolalamikia moyo wake. Kabla wageni hawajamaliza soda, kichupa kilikuwa kwapani mwa Profesa, na Profesa sebuleni kwa Mama Saruji.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea moyo wa akiba."

"Marahaba. Mbona mdogo hivyo?"

"Ndiyo kwanza umezaliwa! Nipe ufunguo wa gari, nikaufuatie chakula."

Mama akachungulia, akapiga kigelegele. "Nami niushike?"

"Thubutu! Ukitoka kwenye kwapa ulilolizoea, unakufa." Alisema hivyo ili asikaguliwe sana.

"Basi hatoki mtu hapa," alisema Mama, akafunga mlango kwa komeo. "Chakula nitaagiza."

Mchana kutwa Profesa akaatamia kama kuku. Pua ilimwasha, asithubutu kuikuna. Mama alimnywesha uji kwa kijiko, na kila alipojaribu kuinuka alimkemea, "Unataka kuniua?" Cha ajabu, masikini, Profesa alianza kukipenda kile kipande. "Dunda, baba," alikibembeleza. "Dunda, usiniaibishe."

Jioni mlango ukafunguliwa. Akaingia yule mtafiti, macho mekundu kwa kulia, askari wawili nyuma yake.

"Shangazi, kiko wapi?"

"Kwapani. Si ulinionyesha juzi? Nilikitambua palepale, nikakipatia pa kulala, kisha nikakupigia simu."

Mtafiti akakipokea kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yakimtoka. "Kinadunda!"

"Na moyo wako, mama?" Profesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mzima kama zege. Nalalamika ili wateja wasiniombe punguzo."

Gari jekundu, ambalo Mama aliwaazima askari, Profesa alilipanda kweli, kiti cha nyuma, katikati yao, mkono umebana kwapa tupu. Kabla halijaondoka alichomoza kichwa dirishani.

"Binti!" alipaza sauti. "Usikiache kikapoa!"