Unga Usiokaushwa

Jumatatu, 16 Juni
Mvua, Sendai nzima. Profesa Kumagai katangaza: nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa Kyoto ni moja. Ni yangu au ya dada Nagasawa, aliyenitangulia maabarani na bado hunipangia viatu vyangu mlangoni. Atakayepika kipande cha oksidi kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote ndiye atakayekwenda. Kazi nyepesi! Elektroni za oksidi yetu zimekaa kila moja kwenye kiti chake, mbili hazitaki kubanana, basi umeme umekwama. Ukitia strontiamu mahali pa lanthanamu kidogo, viti vichache vinabaki wazi, zinaanza kuhama. Ikiwa kidogo mno, hazisogei. Ikizidi mno, unapata metali ya kawaida tu.

Jumanne, 17 Juni
Unga wa lanthanamu hunywa unyevu wa hewani. Kanuni ni kuukausha tanurini ndipo uupime. Tanuru analo Nagasawa, anakausha wake. Nimepima wangu hivyo hivyo. Unga ni unga. Nimemtangulia kwa siku nzima! Kaniletea matonge ya wali yenye samaki wa chumvi, akauliza kama nilikausha. Nikamjibu nimekausha sana. Roho iliniuma, lakini nilikula yote.

Ijumaa, 20 Juni
Siku ya vipimo. Kipande changu kimeshushwa kwenye heliamu baridi, wote wanatazama. Ukinzani ulishuka taratibu, kisha ukagoma kufika sifuri. Metali ya kawaida, kama sufuria. Profesa alivua miwani akaniuliza kwa upole, "Sakuma, mwanangu, ulipima lanthanamu au ulipima mvua?" Uzito ule ulikuwa na maji ndani yake. Lanthanamu ikapungua, strontiamu ikazidi. Cha Nagasawa kilifika sifuri. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumatatu, 23 Juni
Kyoto ni ya Nagasawa. Ila mchoro wake wa vipimo ulikuwa na pengo upande wa strontiamu iliyozidi, na kipande changu kimeangukia papo hapo. Kakipima upya, kaandika jina langu chini ya lake, kamwomba Profesa twende wote. Akaniambia, "Mdogo wangu, siku nyingine kausha, sawa?" Nilikaribia kulia. Nampenda sana dada huyu.

Jumatano, 25 Juni
Nimetafakari. Ningekausha, pengo lisingejazwa. Kumbe siri ni maji! Kipande kijacho nitapimia unga barazani, mvua ikinyesha. Nagasawa asijue, ataniiga.