Mama Mkwe Kisiwani

Jumapili, 11 Juni 1972

Nimepata wazo! Naandika upesi kabla sijaitwa jikoni.

Dada Scolastika na mumewe, Mwalimu Donatus, wanakwenda fungate visiwani. Wawili tu, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Mwaka jana shemeji aliwaona Wazungu wawili, mtu na mkewe, wakipita Runzewe na mashanta wakielekea ziwani kutafuta fukwe. Tangu siku hiyo hana raha. Anasema visiwa ni vyetu, mchanga ni wetu, kwa nini ukalaliwe na wageni peke yao? Shanta moja alitoka nalo Jeshi la Kujenga Taifa. La pili fundi amelishona kwa turubai. Mwezi wa saba shemeji anakwenda chuoni Dar es Salaam mwaka mzima, na Dada anabaki Runzewe. Kwa hiyo wana siku nane tu za kuwa pamoja.

Mimi niko kidato cha pili, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuona ni ya bwawa la ng'ombe. Nimeomba kwenda nao. Dada amenitazama kama aliyekuta inzi kwenye uji. "Bebe! Wewe umesikia wapi fungate ya watu watatu?"

Sijasikia. Lakini lazima awepo wa kwanza.

Jumatatu, 12 Juni

Nimemwendea Mama kwa uso wa huzuni. Nimemwambia kwamba Dada analia kwa siri. Anaogopa mamba. Anaogopa viboko. Anaogopa kulala mchangani bila ndugu wa kike karibu, ila anaona haya kuomba msindikizaji. Halafu nikanyamaza, kama Sista anavyotufundisha shuleni kutulia kwenye nukta. Hapo Mama alitakiwa kusema: Mektilda, nenda wewe.

Mama ameweka ungo chini. Amesema basi atakwenda mwenyewe, na mimi nitambebea mzigo.

Mayu, mama wee! Nimemkumbusha kwa adabu zote kwamba haiwezekani. Mkwe na mama mkwe! Kwetu hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Mwezi uliopita shemeji alimwona Mama mnadani Ushirombo akajificha nyuma ya mbuzi. Mbuzi akaondoka.

Mama amejibu kwamba ziwa ni pana. Kila mtu atapata upande wake wa kutazama.

Nimeua fungate ya dada yangu kwa sentensi nne.

Jumatano, 14 Juni

Safari! Tumepanda lori la pamba linalokwenda upande wa Geita. Shemeji amekaa mbele na dereva. Sisi wanawake watatu tumekaa juu ya pamba. Ni laini kuliko kitanda cha bwenini, lakini sikufaidi, maana Dada amenikazia macho njia nzima. Amenong'ona kwamba anajua ni mimi. Nimeuliza kwa upole, wewe umejuaje? Amesema hakuna mwingine mwenye akili ya kuharibu kitu kwa ustadi huo.

Nimelichukua neno "ustadi" nikaliweka moyoni.

Alhamisi, 15 Juni

Ziwa! Sikujua maji yanaweza kukutana na mbingu. Nimetaka kuandika zaidi, maneno yamegoma.

Tumevuka kutoka Nkome kwa mtumbwi wa mvuvi aitwaye Marselino. Tatizo: mtumbwi mmoja, mama mkwe mmoja, mkwe mmoja. Marselino amekuna kichwa. Mwisho amemketisha Mama mbele akitazama mbele, na shemeji nyuma akitazama nyuma. Kwa hiyo Mwalimu Donatus, aliyeota kisiwa mwaka mzima, amekiendea kinyumenyume. Saa nzima ameaga Nkome.

Ijumaa, 16 Juni

Kisiwa ni kidogo. Mchanga mweupe, mawe makubwa, ndege wa kila namna, na upande mmoja tu unaofaa kulala. Mama ametundika kanga mbili kwenye kamba. Huku sisi, kule wao. Mimi nimefanywa posta.

Mama anasema: kamwulize mtu wa kule kama amekula. Naenda hatua nne. Shemeji, ambaye amesikia kila neno, anasubiri nimfikishie, kisha anasema: mwambie ninashukuru. Narudi hatua nne. Mama naye amesikia. Anasubiri.

Mchana mambo yaliharibika. Shemeji na Dada walikuwa wanaoga ziwani wakirushiana maji na kucheka. Sijawahi kumsikia Dada akicheka vile. Mara Mama akashuka kuosha sufuria. Shemeji, mwenye kaptura tu, akazama hadi shingoni akageukia upande wa Bukoba. Mama hakumwona, au hakutaka. Akasugua sufuria hadi ikawa mpya. Shemeji alipotoka midomo ilikuwa ya samawati na vidole vimekunjamana kama vya babu.

Dada alikaa juu ya jiwe akilia. Kwa hiyo sasa ni kweli, Dada analia kwa siri. Sikufurahi kuwa mkweli.

Jumamosi, 17 Juni

Asubuhi nimechungulia nyuma ya kanga. Hakuna mtu! Hakuna mashanta! Hata Marselino, aliyebaki kutuvulia samaki, hayupo na mtumbwi wake. Wametoroka kwenda Maisome, kisiwa walichokitaja jana, bila mimi!

Nikafikiri: Mama akijua, ataona mkwe amemdharau. Atarudi nyumbani na hasira, kutakuwa na kikao cha ukoo, na shemeji ataondoka kwenda Dar bila kusamehewa. Yote kwa sababu yangu. Nifanye nini?

Jibu lilinijia na uji. Mama hamtazami mkwe wake. Kwa hiyo mkwe si lazima awepo!

Nimefanya kazi ya watu watatu. Mama anauliza, nakwenda hatua nne, nanong'ona peke yangu, narudi na jibu. Anasema ahsante. Anasema Dada kajinyoosha kidogo. Mama ametuma sato wawili wakubwa. Nimewala wote nyuma ya kanga, na vichwa. Baada ya hapo Mama akanipa samaki wangu. Nikala. Mama akauliza kama mkwe anaongezewa. Sikuwa na nguvu ya kufikiri, nikasema ndiyo.

Nimelala chali. Siwezi kuandika.

Jumapili, 18 Juni

Kisiwani hakuna kanisa, hivyo Mama ametangaza rozari. Yeye ataongoza, sisi tuitikie. Akasema anataka kuisikia sauti ya mkwe wake, maana kusali pamoja si kutazamana.

Nimekwenda nyuma ya kanga, nimeinamisha kidevu kifuani, nimeitikia kwa sauti nzito: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Makumi yote matano! Kwenye la tatu nilikohoa kidogo, kama shemeji. Nilijiona hodari sana.

Mama akasema Amina. Kisha akasema mkwe wake anasali vizuri, tena kwa sauti kubwa, kwa mtu aliyeko Maisome tangu jana.

Nimetoka nyuma ya kanga.

Kumbe yeye ndiye aliyewatuma! Alfajiri ya jana alimwambia Marselino awapeleke mbali wakafurahi, waturudie siku ya kuondoka. Nimeuliza, je, hakuamini kwamba Dada anaogopa? Amesema Scolastika hajawahi kuogopa kitu tangu aliposhuka mgongoni. Basi kwa nini alikuja?

Amekaa kando ya maji, miguu ndani. Amesema ana miaka ishirini na minne ya ndoa, na Baba hajawahi kumpeleka mbali kuliko Kahama. Alitaka kuona ziwa. Uongo wangu ulipita mlangoni kama lori lenye nafasi, akalipanda.

Kisha ameniambia nikae, niache kuandika. Nimekaa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mama amecheka peke yake kila wimbi lilipomfikia magotini.

Ijumaa, 23 Juni

Nyumbani. Tumerudi sote jana, Dada na shemeji weusi kwa jua, mashanta yamejaa mchanga. Dada amenisamehe, nusu. Mama ameshawasimulia majirani habari ya rozari, na sasa kila mtu ananiamkia kwa sauti nzito.

Nimejifunza mengi. Kosa langu lilikuwa dogo tu: nilimwambia mtu asiyefaa.

Binamu Salvina anaolewa mwezi wa tisa, naye anataka kwenda Ukerewe na mumewe. Safari hii sitamwambia Mama. Leo nimemwendea Bibi, nikamweleza jinsi Salvina anavyolia kwa siri. Bibi ana magoti mabovu, hatoki nje ya ua. Hatari haipo kabisa.

Amenisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Akauliza swali moja tu: je, huko visiwani watu huvaa viatu?

Nimemjibu hapana, mchanga ni laini. Akatikisa kichwa kwa furaha.

Swali la ajabu kwa mtu asiyekwenda popote.