Kengele za Mlango 14

Jumatatu, 6 Mei
Saa moja kasorobo asubuhi. Nimefungua mlango, nimejikwaa. Sanduku la karatasi ngumu, zito kama mtoto wa mwaka. Juu yake: “Mlango 14.” Hakuna jina. Mlango 14 ni wangu, ila sijaagiza kitu. Nimempigia mke wangu, yuko safari ya kikazi hadi Jumapili. Naye hajaagiza. Mama mkwe, tunayekaa naye, kasema kilicho mlangoni kwetu ni chetu, tufungue. Nimemweleza kwa heshima kwamba ndivyo watu wanavyokwisha.

Jumamosi ni uchaguzi wa katibu wa jengo. Ukatibu ninao miaka minane. Ubao wa matangazo ni wangu. Muhuri wa jengo ni wangu, tena nimeuchonga mwenyewe, maana kuchonga mihuri ndiyo kazi yangu. Mpinzani ni mmoja tu: mama wa mlango 13, aliyekaa dirisha la vifurushi posta miaka thelathini. Watu wanamwita Bibi Posta. Sasa kifurushi kimetua wapi, siku tano kabla ya kura? Kwangu. Bahati mbaya? Thubutu!

Nimelisukuma chini ya meza, nimelifunika taulo. Mama mkwe ameuliza kama linasikia baridi.

Jumanne, 7 Mei
Mama mkwe amemsimulia msimamizi wa jengo. Yaani jengo zima linajua.

Bibi Posta kanisimamisha kwenye ngazi. Hakuulizwa, kaanza: usifungue, usitie sahihi karatasi ya mtu, soma namba ya mtumaji umpigie, mpe siku za kuja kulichukua, liweke pakavu. Hukuagiza, hudaiwi, baba. Lakini si chako vilevile.

Yote kwa upole. Upole! Mtu anataka kiti chako halafu anakufundisha bure?

Nimelitafakari hadi adhuhuri, patasi mkononi. Akisema nisifungue, ndani mna kitu kizuri. Nimefungua. Namba ya mtumaji ilikuwepo kweli. Nimeikata pamoja na utepe, isije ikanishawishi.

Kengele za mlangoni! Za betri. Kitufe cha nje, kipaza sauti cha ndani. Nimehesabu mara mbili: ishirini na nne. Jengo letu lina milango ishirini na nne. Kila mlango kura moja.

Adui hawezi kuhesabu vizuri hivi. Hii ni riziki.

Jumatano, 8 Mei
Nimefunga karakana. Mlango kwa mlango, bisibisi mkononi, tabasamu usoni. Kila kengele na barua yake, kila barua na muhuri mpya: ZAWADI YA KATIBU WENU. Dereva wa lori wa mlango 3 kanikumbatia. Mwalimu wa mlango 20 kasema miaka minane hajawahi kuona faida yangu, leo kaiona. Nimeipokea kama sifa.

Bibi Posta nimempa pia. Ili watu waone. Kauliza nimezitoa wapi. Nikamjibu zawadi haiulizwi ukoo. Kauliza kama nimezijaribu mbili kwa pamoja. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Mei
Saa kumi na mbili alfajiri muuza maziwa kabonyeza mlango 3.

Zikalia zote.

Milango ishirini na nne ikafunguka. Dereva na taulo. Mwalimu na mswaki mdomoni. Kila mtu anamtazama jirani yake na kumuuliza anataka nini. Kisha kila mmoja akabonyeza ya kwake kuhakikisha. Kisha watoto wa ghorofa ya tatu wakagundua. Hadi saa mbili zimelia mara sitini na moja. Dereva, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka safari ya usiku, kaniambia kura yake ataniletea kwa mguu.

Picha imekamilika. Bibi Posta alijua. Alikaa kimya nijimalize.

Dawa ya moto ni moto. Nimechonga muhuri mwingine kwa saa moja na nusu: KWA HISANI YA MLANGO 13. Nimeandika tangazo: kengele zilitoka kwake, katibu alisambaza tu kwa nia njema. Nimelibandika saa sita, watu wako kazini. Herufi zimekaa kama askari. Pembeni kinyota kidogo, kama kwenye mihuri yangu yote. Fundi lazima aache mkono wake.

Ijumaa, 10 Mei
Saa kumi na moja jioni. Bibi Posta kasimama mbele ya ubao, kioo cha kukuzia mkononi. Hakupiga kelele. Kawaita waliotoka kazini, kapanga karatasi tatu: tangazo la maji la mwezi uliopita, barua ya zawadi, na hili la kwake. Kinyota hapa, kinyota hapa, kinyota hapa. Tena pembe moja fupi, kwa sababu patasi yangu ina pengo. Kaniuliza mbele ya watu ni nani aliyenifundisha kazi, ampelekee salamu. Wakacheka hadi msimamizi akakaa chini.

Kabla sijajibu, kaingia muuguzi wa kituo cha afya cha jengo la pili. Nao wako mlango 14. Siku nne wanatafuta sanduku la kengele za vitandani. Mgonjwa akibonyeza, zinalia zote, muuguzi anasikia popote alipo. Tangu Jumatatu, kasema, kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji anayeita msaada kwa kugonga sufuria na kijiko.

Hakuna aliyecheka tena.

Nimezifungua zote ishirini na nne, peke yangu. Bibi Posta kashika sanduku, kalifunga kamba vizuri, kaenda nalo na muuguzi. Mama mkwe kasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kwenye ngazi.

Jumamosi, 11 Mei
Ishirini na mbili kwa mbili.

Kura moja ni yangu. Ya pili ya nani? Bibi Posta kasema mwenyewe, kwa sauti: hakuona adabu kujipigia kura, kanipa mimi. Njama! Sijajua ya nini, ila njama.

Nimekabidhi muhuri wa jengo. Kautazama upande wa kinyota, kanishukuru.

Jumapili, 12 Mei
Sanduku jingine mlangoni. Juu yake: “Katibu wa Jengo, Mlango 14.” Zito kuliko la kwanza.

Mama mkwe kasema nimgongee Bibi Posta, ni hatua nne tu. Nimemweleza kwa heshima kwamba tarehe iliyo juu yake inaonyesha mzigo umetumwa Alhamisi, na Alhamisi katibu alikuwa mimi. Kwa haki ni wangu. Tena kwa nini uje leo, siku moja baada ya kura? Huyu mama hachoki.

Lakini safari hii hanipati. Wiki nzima nimejichunguza, sijionei huruma. Kosa langu lilikuwa moja: kinyota.

Muhuri mpya uko tayari: LIMEKAGULIWA, LIFUNGULIWE. Pembeni nimechonga kimwezi.