Kodi ya Mawingu

Siku Dagane aliposoma kwenye simu yake kwamba kampuni moja kubwa ya gemu za mkononi inaacha kutengeneza kadi, hakuhuzunika kama walivyohuzunika wapenzi wa gemu duniani. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kinyozi mjini Garissa, akingoja joto lipungue, kazi ambayo mwezi wa Februari humweka mtu hapo mpaka Machi. Akaisoma habari ile mara mbili. Zamani mtu akitaka mchezo alinunua kadi ndogo, akaichomeka kwenye mashine, akacheza. Sasa michezo ingepakuliwa tu kutoka mtandaoni. Hakuna kadi, hakuna kasha, hakuna cha kushika.

"Bidhaa isiyoshikika," Dagane akamwambia kinyozi. "Unajua maana yake?"

"Maana yake huwezi kuibiwa."

"Maana yake huwezi kujua umeuziwa nini."

Kinyozi akaendelea kunyoa. Alimjua Dagane. Huyu ndiye aliyewahi kuwauzia watu bima ya mbuzi dhidi ya fisi, yenye muhuri mwekundu na mahali pa fisi kutia sahihi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambazo umeme haukuwapo, na sauti laini kiasi kwamba hata waliomdai walikuwa wakimwomba radhi kwa kumsumbua.

Kwa muda wa wiki moja akajipanga. Alikuwa na akaunti moja ya gemu, yenye michezo arobaini aliyoipakua kwa njia ambazo hatutazichunguza hapa. Kampuni iliruhusu akaunti moja itumike kwenye mashine nyingi, ilimradi wenye mashine wawe familia. Basi Dagane akaanza kupanua familia. Alikwenda kwa kila mwenye mashine mjini, akamweleza kwa uchungu kwamba kadi zake zinakaribia kufa, akamwingizia akaunti yake, na michezo arobaini ikajaa kwenye kioo. Malipo? Hakutaka mengi. Alichukua zile kadi "zilizokufa" tu, azitupe kwa niaba yao.

Hakuzitupa. Huko Eastleigh, Nairobi, kulikuwa na mnunuzi aliyezitafuta kwa udi na uvumba, kwa sababu kitu kikishaacha kutengenezwa watu hukikumbuka kwa mapenzi makubwa.

Na wiki mbili baadaye, Dagane alibonyeza kitufe kimoja kwenye simu yake na michezo ikafungwa. Mwenye mashine alipompigia simu akilia, Dagane alishusha pumzi na kumwambia kuna jambo dogo la serikali: kodi ya mawingu. Michezo inakaa mawinguni, na mawingu yana wenyewe.

Mtu wa kwanza kuilipa alikuwa Bishar, dalali wa ngamia, mwenye mikono kama majembe na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Bishar aliwanunulia watoto wake mashine ya gemu, na mpaka leo watoto hao hawajaigusa. Alilipa palepale. Alikuwa amebakiza mzunguko mmoja kwenye mashindano ya magari.

Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata, kwa kumbukumbu za kampuni ile huko ng'ambo, Dagane wa Garissa alikuwa kichwa cha familia ya watu kumi na wanane. Kwa kweli hakuwa hata na mke.

Akabaki Rukiyo.

Rukiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya biashara kambini Dadaab miaka mingi kabla ya kurudi mjini. Biashara gani, Dagane hakuuliza, na hilo lilikuwa kosa lake. Sasa alikuwa na kibanda karibu na soko la mifugo, ambako wafugaji waliokuwa wakingoja wanunuzi walikodi mashine kwa nusu saa, wakacheza mpira huku mbuzi wao wakiwatazama. Mashine zilikuwa tano. Lakini utajiri ulikuwa kwenye kopo la biskuti: kadi thelathini na mbili, nyingine za michezo ambayo mnunuzi wa Eastleigh alipoitajiwa kwenye simu aliuliza kama Dagane amefunga mlango.

Dagane akaenda asubuhi, na chupa ya marashi mkononi.

"Assalamu alaykum, eeddo."

"Waalaykum salaam, eeddo," Rukiyo akajibu, akimrudishia jina lile lile la shangazi kama wafanyavyo Wasomali kwa vijana wao. "Keti. Utakunywa chai."

Dagane akaketi, akakuna kidevu, akaanza kazi. "Eeddo, nimekuja na habari nzito. Kadi zako zitazimwa mwisho wa mwezi."

"Zitazimwa na nani?"

"Kampuni."

"Kadi ziko kwenye kopo, na kopo liko chini ya kitanda changu. Kampuni itapitia wapi?"

Dagane akatabasamu tabasamu analowawekea wazee na wagonjwa. "Ni teknolojia, eeddo. Inapita hewani. Lakini usiogope, mimi nitakuwekea michezo mipya ya kupakua. Arobaini!"

"Hiyo mipya iko wapi?"

"Mawinguni."

Rukiyo akatoka nje ya kibanda. Akakinga macho kwa kiganja, akalitazama anga la Garissa lililokuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Akarudi ndani.

"Leo haipo," akasema.

Dagane alicheka mpaka akafuta machozi, na moyoni akajipongeza. Mteja wa namna hii hupatikana mara moja maishani. Akamweleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji, na Rukiyo akawa anaitikia "haye, haye" na kuuliza maswali ya kipumbavu: mvua ikinyesha michezo italowa? Akilala, michezo nayo italala? Mwishowe akainama, akalivuta kopo, akaliweka mezani.

"Chukua. Mimi mjane nitajua nini? Ila uniwekee kwenye mashine zote tano sasa hivi, nikiona kwa macho yangu."

Kazi ile ilikuwa rahisi lakini yenye usumbufu. Kila mashine ilipoingizwa akaunti, kampuni ilituma namba ya siri kwenye simu ya Dagane, na namba ile ilibidi iandikwe kwenye mashine kabla ya dakika moja kwisha. Dagane akamaliza ya kwanza. Akashika ya pili, na simu yake ikaanza kulalamika kwamba chaji imekwisha.

"Lete niichomeke hapa kwangu," Rukiyo akasema. "Wewe bonyeza, mimi nikusomee namba."

"Utaweza, eeddo?"

"Namba nazijua. Herufi ndizo zinanisumbua."

Dagane akampa simu, ikiwa wazi. Chai ya maziwa ya ngamia ikaja, na nyama ya mbuzi iliyokaangwa kwa mafuta yake, na Dagane akawa anakula kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Rukiyo aliketi nyuma ya meza, simu upande huu, ile mashine ya kwanza upande ule, akiipangusa vumbi kwa ncha ya shungi lake. Simu ilipolia alisoma kwa sauti, polepole: "Nne. Nane. Nane tena. Hii ni sifuri au ni yai?" Mashine ya pili ikakubali. Ya tatu ikakubali.

Simu ikalia tena, na safari hii Rukiyo akaiinamia ile mashine ya kwanza.

"Ni namba?" Dagane akauliza, mdomo umejaa.

"Hapana. Wanataka ununue bando."

"Achana nao. Wezi wale."

"Wezi kabisa," Rukiyo akakubali.

Saa sita Dagane akaondoka na kopo kwapani, ametiwa baraka za kutosha kumfikisha Makka na kurudi. Njia nzima alipiga mluzi.

Kesho yake alifunga kifurushi: kopo la Rukiyo pamoja na mfuko wa kadi za wale wengine kumi na wanane, zote aziwahishe kwenye basi la saa nane la Nairobi, na yeye mwenyewe apande basi hilohilo. Alikuwa ameshaaga chumba chake. Kabla ya kutoka akaamua kuifungia familia yote michezo kwa mara moja, awaachie kodi moja ya mwisho ya kumlipia nauli. Akafungua akaunti kwenye simu.

Nenosiri si sahihi.

Akaandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Akaomba kampuni imtumie namba ya kubadilisha nenosiri. Kampuni ikamjibu kwa heshima kwamba namba imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, inayoishia na sita sita mbili. Simu ya Dagane iliishia na tisa.

Alikuwa bado anaitazama ile sita sita mbili simu ilipoita. Ni Bishar.

"Waryaa, Dagane! Gemu yangu imeenda wapi? Nilikuwa kwenye kona ya mwisho!"

"Ni kodi, mzee Bishar, ile kodi ya..."

"Kodi nimelipa mara mbili! Sasa kuna maandishi kwenye kioo, yanasema niende kwa Rukiyo. Nimemuuliza. Ameniambia alisoma kwenye simu yako kwamba una kadi zetu zote na leo unapanda basi. Niko hapa steji na wenzangu, tuko kumi na wawili. Njoo tu upande."

Katika kazi yake Dagane alishawahi kutukanwa, kufukuzwa, na siku moja kutupiwa kanga aliye hai, lakini hakuwa amewahi kungojwa na watu kumi na wawili waliopanga foleni. Akaita tuktuk. Dereva akamuuliza, "Steji?" Dagane akatazama kifurushi, akatazama barabara, akasema kwa sauti ambayo haikuwa laini hata kidogo, "Soko la mifugo."

Rukiyo alikuwa ameketi palepale. Miwani ilikuwa puani, na mbele yake daftari.

"Ulichukua akaunti yangu," Dagane akasema, akihema.

"Ipi? Ya mawinguni? Kwani ina mwenyewe?"

"Eeddo, umeniibia!"

"Keti, utaanguka." Akamsukumia stuli kwa mguu. "Nilikuwa wakala wa kutuma pesa kwa simu, Dadaab, miaka tisa. Kila siku alikuja mtu kulia kwenye dirisha langu kwamba kuna mgeni alimpigia akamwambia amsomee namba iliyoingia kwenye simu, naye akasoma. Wanawake waliopoteza pesa ya mwezi mzima. Miaka tisa, Dagane. Nilikuwa namwomba Mungu siku moja anipe mgeni atakayenipa mimi simu niisome."

Dagane akashikwa na aibu, naye hakuwa ameizoea, akadhani ni kiungulia.

"Unataka nini?" akauliza.

"Kopo langu. Na kila mtu arudishiwe kadi zake hapa, mkononi, nikiona. Ukimaliza nitamwambia Bishar akuache."

Rukiyo akapiga simu, nao wakaja. Bishar mbele, jasho linamtiririka, nyuma yake wenzake wa steji na wale waliobaki mjini, na foleni ikafika kwenye zizi la kondoo. Dagane alifungua kifurushi na kuanza kuita majina kama karani wa mtihani. Kila aliyepokea kadi zake alizihesabu, akazipuliza, akamtazama Dagane juu mpaka chini. Bishar alipopokea zake alimshika bega, na Dagane akafumba macho akisubiri kofi.

"Ile michezo ya hewani," Bishar akanong'ona, akiangalia kando, "itarudi? Nilikuwa kona ya mwisho."

"Muulize eeddo," Dagane akajibu.

Rukiyo akafunua daftari. "Itarudi leo hii, kwa kila mtu. Kadi zenu mnazo, na michezo arobaini mnayo. Ila kuna ada ndogo kila mwezi, nusu ya ile aliyokuwa akiwatoza huyu mwizi."

"Ada ya nini?" Bishar akauliza.

Rukiyo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ya kulinda mawingu," akasema, bila hata kope kucheza.

Watu wote kumi na wanane wakamshukuru. Mmoja akambariki. Wakajipanga upya, safari hii kwa hiari yao, wakaandikwa kwenye daftari wote, na Dagane akasimama pembeni akitazama jambo ambalo alikuwa akilifanya kwa mwezi na nusu kwa jasho na uongo mwingi likifanywa na mwanamke aliyeketi. Alitaka kukasirika. Akajikuta anataka kupiga makofi.

Foleni ilipokwisha, basi la saa nane lilikuwa limeshavuka daraja la Tana. Dagane hakuwa na chumba, hakuwa na kadi, wala familia ya watu kumi na tisa. Alizungukazunguka kibandani akikuna kidevu.

"Eeddo," akasema, "kuna kitu kimoja tu. Ule mchezo wa mpira. Nilikuwa nimefika nusu fainali. Niliucheza miezi minne, wallahi, huo sikumwibia mtu. Niruhusu niumalize."

Rukiyo akanyoosha kidole kwenye benchi, kati ya wafugaji wawili kutoka Hulugho.

"Nusu saa ni shilingi ishirini."

Dagane akalipa. Akaketi, akaishika mashine, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka. Alicheza vizuri mno. Wafugaji wakaacha michezo yao, wakamsogelea kutazama. Dakika ya themanini na nane matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Mshambuliaji wake akawapita mabeki wawili, akabaki na kipa, Dagane akanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, na mkono wenye hina ukashuka kutoka juu ukaichukua mashine.

"Muda umekwisha."

"Eeddo! Yuko peke yake na kipa!"

"Nimeona," Rukiyo akasema. "Atakungoja."

Wafugaji wakamtazama Dagane, Dagane akaitazama mashine. Kisha taratibu akaingiza mkono mfukoni, akatoa shilingi ishirini nyingine.